Shangazi, daftari langu linapendeza lakini pesa haikai

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, nimeolewa, nina mtoto mmoja na kazi ya mshahara. Jioni na mwisho wa wiki nashona nguo za watu, kwa hiyo kuna pesa ya pili inayoingia, ingawa haina siku wala kiasi maalumu. Anayenitazama kwa nje atasema sina cha kulalamikia. Lakini kila mwezi, kabla mshahara mwingine haujaingia, naishiwa kabisa, na ukiniuliza pesa imekwenda wapi sina jibu.

Mwaka jana niliona mtandaoni picha za daftari la nukta, lile ambalo wengi wanaliita bujo. Kurasa zina maua, akiba imechorwa kama mtungi unaojazwa rangi kidogo kidogo, madeni yamepangwa kwenye visanduku. Nikavutiwa sana. Nikanunua daftari gumu, kalamu za rangi, stika na tepu za mapambo. Nikachora ukurasa wa bajeti, wa akiba, wa madeni na wa matumizi ya kila siku. Siku za mwanzo niliandika kila kitu. Halafu mtoto akaugua, siku kadhaa zikapita sijashika kalamu, na nilipolifungua tena nikaona zile nafasi tupu katikati ya maua yangu, nikaona aibu, nikalifunga. Mwezi uliofuata nikaanza kurasa mpya na michoro mipya. Sikufika hata katikati ya mwezi.

Mume wangu anasema niachane na kuchora, niweke programu ya bajeti kwenye simu. Niliiweka. Inanionyesha duara lenye rangi za matumizi yangu, naliangalia, nafunga simu, maisha yanaendelea vilevile.

Kuna na jambo jingine. Nina mikopo mitatu. Mmoja ni wa kazini, unakatwa kwenye mshahara, na mume wangu anaujua. Miwili ni midogo, ya mwezi mmoja mmoja, ambayo naimaliza na kuichukua tena siku hiyohiyo kwa sababu nikishalipa sibaki na kitu. Hiyo haijui. Nimeiandika kwenye daftari kwa alama ninazozijua mwenyewe, ili hata akilifungua asielewe.

Naomba uniambie ukweli, Shangazi. Daftari hili linaweza kweli kunisaidia kuweka akiba, au nilikuwa nachezea rangi tu? Nianze na akiba au nianze na madeni? Pesa ya kushona niipangeje wakati siijui? Na ndugu zangu, wanaoomba msaada wakati wowote, niwaweke ukurasa gani? Mwisho, daftari likijaa, natupa au naanza yote upya?

Mimi mwanao,
Mwenye Daftari Zuri

*

Marahaba mwanangu.

Ndiyo, daftari linaweza kukusaidia, na hukukosea kulichagua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na barua yako ni methali hiyo imeandikwa kwa mkono wa mtu mmoja: pesa inaondoka, na habari zake huna. Nataka uzipate habari hizo mwezi huu huu.

Kwanza ujue chombo ulichokishika. Mbinu hii ilibuniwa na Ryder Carroll, mbunifu wa kazi za kidijitali aliyekuwa akiishi New York, akaitoa hadharani mwaka 2013. Tangu utotoni alikuwa na tatizo la umakini, akatafuta njia ya kuyakamata mambo kabla hayajamtoka kichwani. Njia yake ni kavu kabisa. Nukta ni jambo la kufanya, duara dogo ni tukio, kistari ni maelezo. Jambo likifanyika, nukta inageuzwa kuwa X. Lisipofanyika, mwezi unapoisha mwenye daftari analiangalia usoni na kuamua: ama analiandika upya kwa mkono wake kwenye mwezi mpya, ama analikata. Maua, mitungi na tepu vililetwa na watu wengine walioipenda mbinu hiyo. Ni vizuri, vinaburudisha macho, na sikukatazi. Ila mbinu inasimama bila hivyo.

Kiini chake ni huko kuhamisha kwa mwisho wa mwezi, na wewe hujawahi kufika huko. Mara zote mbili uliishia njiani. Kwa hiyo huwezi kusema daftari limeshindwa kukusaidia, maana ile sehemu yenye nguvu haijapata nafasi ya kufanya kazi mikononi mwako.

Sikiliza inavyofanya kazi kwenye pesa. Tuseme unalipia kila mwezi huduma ya filamu kwenye simu. Ikikatwa yenyewe, huioni. Daftari linakutaka uiandike tena kila mwezi mpya, jina lake na kiasi chake. Mwezi wa tatu au wa nne mkono utauliza kwa nini unaandika kitu ambacho hukukitazama. Au tuseme umetamani viatu. Usijikatalie, viandike kwenye ukurasa wa matamanio pamoja na bei, kisha viache hapo mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya kuhamisha, kama unaona uvivu hata kuviandika upya, basi hukuwa unavitaka. Vikihamishwa mara mbili na bado unavitaka, vipangie pesa na ununue kwa amani. Nimewaona watu wengi wakipunguza matumizi kwa ukurasa huu mmoja kuliko kwa bajeti yoyote, kwa sababu haumkatazi mtu kitu. Unamwomba asubiri na aandike.

Ndiyo maana sikubaliani moja kwa moja na mumeo, ingawa ushauri wake ni wa nia njema. Programu ya simu hukumbuka kwa niaba yako, na mtu asiyelazimika kukumbuka halazimiki kuamua. Simu itunze kwa kazi inayoiweza: ujumbe wa benki na wa miamala ya simu ndiyo stakabadhi zako. Jioni unaufungua, unanakili kiasi kwenye daftari, umemaliza. Dakika chache tu, kabla ya kulala au baada ya chakula, lakini iwe saa ileile ili mwili uizoee.

Sasa tuanze. Chukua daftari hilohilo, usinunue jingine. Fungua ukurasa mtupu unaofuata, haijalishi uko katikati ya daftari. Uzuri wa daftari hili ni kwamba halina tarehe zilizochapishwa, kwa hiyo siku usiyoandika haiachi pengo lolote. Pengo uliloliona wewe ulilichora mwenyewe, ulipopanga visanduku vya siku 30 kabla hazijafika. Safari hii andika tarehe ya siku unayoandika, basi. Ukiruka siku nne, siku ya tano piga mstari, hesabu pesa uliyonayo kweli, mkononi, benki na kwenye simu, andika jumla, endelea. Usirudi nyuma kukisia ulitumia nini. Tofauti kati ya salio la daftari na salio halisi iandike kwa neno moja, "haijulikani". Neno hilo ni habari tosha. Likiwa na kiasi kidogo, usihangaike nalo. Likiwa kubwa kila wiki, umeshajua mahali pa kutazama.

Hesabu hiyo ya salio halisi ifanye kila wiki hata kama hujaruka siku. Ni jambo ambalo watu wa bujo nzuri hulisahau, na bila hilo daftari linakuwa hadithi tu, kwa sababu hakuna kinacholithibitisha.

Kurasa za kila mwezi ziwe mbili zinazotazamana. Kushoto andika pesa inayoingia na malipo yasiyokwepeka: kodi ya nyumba, bili, ada, marejesho ya mkopo. Kila malipo yawe na nukta yake, na tarehe ya mwisho kando. Kulia ni siku kwa siku. Nitatumia mfano wa mshahara wa 1,000 ili ugeuze kwa pesa yako. Hapa kistari ni pesa iliyotoka, na alama ya kujumlisha ni iliyoingia:

● Bili ya umeme, kabla ya tarehe 10: 40
– Nauli: 6
– Dawa ya mtoto: 15
– Zawadi ya harusi ya mfanyakazi mwenzangu: 25 ?
+ Advansi ya mteja, gauni: 50

Ile alama ya kuuliza iweke mbele ya matumizi ambayo moyo haukutulia ulipoyafanya. Usiandike maelezo, usijilaumu. Mwisho wa mwezi jumlisha zenye alama hiyo peke yake, kisha jumlisha zilizobaki. Mimi naipenda jumla hiyo kuliko mafungu mengi ya "chakula", "burudani" na "mengineyo", kwa sababu mafungu yanakuambia pesa ilienda wapi, na alama ya kuuliza inakuambia ipi ingeweza kubaki.

Utakutana pia na kanuni ya 50, 30 na 20: nusu ya kipato iende kwenye mahitaji, 30 kati ya kila 100 kwenye matamanio, 20 kwenye akiba na madeni. Ilienezwa na Elizabeth Warren, aliyekuwa profesa wa sheria Marekani, na binti yake Amelia Warren Tyagi mwaka 2005. Ni dira nzuri kwa mtu aliyesimama sawa. Wewe kwa sasa usijipime nayo, mahitaji na marejesho huenda yanakula zaidi ya nusu na utavunjika moyo bure. Andika miezi mitatu ya kweli kwanza.

Tengeneza na ukurasa mmoja wa mwaka mzima, ugawe miezi 12. Humo ingiza gharama ambazo haziji kila mwezi lakini zinajulikana: ada ya shule, bima, sare, matengenezo ya cherehani, safari ya kwenda kwa wazazi. Watu wengi huziita dharura wakati tarehe zake zinajulikana mwaka mzima. Gharama ya 240 ikiwa imebakiza miezi 8, inataka 30 kila mwezi kuanzia leo. Hiyo 30 iandike kushoto, pamoja na bili, kana kwamba kuna mtu anakudai. Nina hakika kubwa kwamba sehemu ya mikopo yako midogo ilizaliwa hapa.

Tuje kwenye mikopo yenyewe. Kukopa harusi, kulipa matanga, na mikopo ya kuzungusha ndiyo matanga yasiyokwisha. Tazama hesabu. Umekopa 100 kwa ada ya 10 kila mwezi. Unalipa 110, unakopa tena 100. Baada ya miezi 12 umelipa ada ya 120, yaani zaidi ya ulichokopa, na bado unadaiwa 100 ileile. Programu yako ya simu haikuonyeshi hili, kwa sababu kwenye duara lake mkopo unaoingia na unaotoka vinafutana. Kwenye daftari utauona. Andika ukurasa wa madeni wenye safu nne: nadaiwa kiasi gani, ada au riba, tarehe, na jumla ya ada niliyokwisha kulipa. Safu ya mwisho itauma. Iandike hivyohivyo, na kwa majina halisi ya mikopo.

Njia ya kutoka ni kukopa pungufu kila mzunguko. Tuseme mmoja ni wa 60, ada yake 15 kwa kila 100. Mwezi huu baada ya kuulipa, usichukue tena 60, chukua 45. Unaofuata 30, kisha 15, kisha hapana. Kila mwezi unatakiwa kupata 15 ya kuziba pengo, na ada nayo inashuka, kutoka 9 mpaka 6.75, 4.50, halafu 2.25. Baada ya miezi minne umeufunga. Ile 15 pamoja na ada iliyokuwa ikikutoka vyote vinahamia kwenye mkopo wa pili. Wapo wanaoshauri kuanza na deni lenye riba kubwa, kwa kuwa linakula zaidi, na wapo wanaoanza na deni dogo ili mtu apate nguvu ya kuona moja limekwisha. Kwa hesabu, wa kwanza wako sahihi. Kwa mtu ambaye ameanza na kuacha mara mbili, mimi namwambia aanze na dogo, hasa kama tofauti ya riba si kubwa. Mkopo wa kazini uache uendelee kukatwa, usiuguse.

Umeuliza akiba au madeni. Vyote viwili, ila kwa kipimo tofauti. Weka kwanza fungu dogo la dharura, la kutosha kumpeleka mtoto hospitali bila kukopa. Akiugua tena na huna kitu, utarudi kwa mkopeshaji na kazi yote imebomoka. Fungu hilo likishafika, kila kinachobaki kiende kwenye ile mikopo miwili. Ikiisha, ndipo ujenge akiba kubwa. Washauri wengi wa fedha hutaja matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Hapo mtungi wako wa rangi una kazi. Chora visanduku 50, kila kimoja kiwe sehemu ya 50 ya lengo lako, na sharti liwe moja: rangi inapakwa baada ya pesa kuwa imeshahamia kwenye akaunti ya akiba. Usipake kwa nia. Usipake kwa sababu mshahara unaingia kesho.

Pesa ya kushona nimeiacha makusudi mpaka hapa kwa sababu nadhani ndiyo inayokuchanganya kuliko zote. Wewe unaiona kama kipato. Sehemu kubwa yake si yako. Mteja akikupa 100 kwa gauni, na uzi, zipu, bitana na nauli ya kufuata vifaa vikachukua 40, ulichopata ni 60. Na ile advansi anayoitoa siku ya kupimwa bado ni ya mteja mpaka siku anayochukua nguo yake. Ukiila kwenye matumizi ya nyumbani, utanunua bitana kwa pesa ya mteja mwingine, na huyo mwingine kwa mkopo. Mafundi wengi hodari wanazama hivi huku wana kazi mpaka za usiku. Kwa hiyo ushonaji uwe na kurasa zake pekee, mbali na za nyumbani, hata kama ni daftari lilelile. Kila nguo na mstari wake: advansi, vifaa, malipo ya mwisho, faida. Pesa inayoruhusiwa kuvuka kuja kurasa za nyumbani ni faida ya nguo iliyokwisha kuchukuliwa. Kama unaweza, hata mfuko au akaunti ya simu iwe tofauti.

Faida hiyo usiipangie bajeti kabla haijaingia. Nyumba iendeshwe kwa mshahara. Ya kushona ikija, iwe na njia yake iliyoandikwa mapema: kwanza fungu la dharura, kisha mkopo mdogo, kisha wa pili. Ikiwa mshahara peke yake hautoshi mahitaji, tazama miezi sita iliyopita, chukua mwezi ambao ushonaji ulileta faida ndogo kuliko yote, na hiyo ndogo ndiyo uihesabu kama ya uhakika.

Na mumeo. Mwanangu, nakuambia hili kwa upendo: hizo alama za siri ndizo zilizokufanya ulifunge daftari, kuliko hata maua yaliyokatika. Mtu hawezi kukaa kila jioni na kitabu anachokiogopa. Kama humuogopi mumeo kwa sababu za usalama wako, mwambie. Usimwambie siku ya ugomvi wala siku ya mwisho wa mwezi mkiwa hamna kitu. Andaa kwanza ule ukurasa wa madeni, na chini yake hesabu ya 60, 45, 30, 15. Mwonyeshe vyote kwa pamoja, deni na njia ya kulimaliza. Mwambie na sababu ya kunyamaza. Huenda akakasirika, ana haki, lakini atakasirika akiwa na karatasi yenye mwisho mbele yake. Huenda naye ana ukurasa wake ambao hujauona. Kama kuna hatari ya kupigwa au kunyang'anywa mshahara, hapo ushauri wangu ni mwingine: mtafute kwanza mtu mzima unayemwamini nje ya nyumba, na daftari lihifadhiwe kazini.

Namba ya siri ya benki, ya simu, na namba za akaunti zisiandikwe humo kwa hali yoyote. Daftari linapotea, linasahaulika, linasomwa na mtoto.

Mwisho wa mwezi tenga saa nzima, ikiwezekana pamoja na mumeo. Mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alitoa mwaka 1904 daftari la hesabu za nyumbani liitwalo kakeibo, na wanaolifuata mpaka leo hujiuliza maswali manne: nina pesa kiasi gani, nataka kuweka akiba kiasi gani, natumia kiasi gani, na nitarekebisha nini. Yaandike juu ya ukurasa, uyajibu kwa sentensi fupi. Jibu la nne liwe jambo moja tu. Mambo sita ya kurekebisha kwa mwezi mmoja hayarekebishwi hata moja. Halafu ndipo uhamishe: nukta zilizobaki, matamanio, malipo ya mwezi mpya. Hapo ndipo pa kutoa kalamu za rangi ukitaka, kazi ikiwa imekwisha.

Ndugu wasiwe kwenye ukurasa wa dharura. Kusaidia jamaa ni wajibu unaojirudia, kwa hiyo uwe na kiasi chake kushoto, pamoja na bili, mlichokubaliana wewe na mumeo. Kikiisha, sema kwa heshima kwamba cha mwezi huu kimekwisha, umkumbushe mwezi ujao, na umwandike jina lake kwenye mwezi huo ili asisahaulike. Anayekopa mwandike kama aliyepewa. Akirudisha, weka alama ya kujumlisha na umshukuru. Lakini usije ukapanga ada ya mtoto kwa pesa iliyo mfukoni mwa mtu mwingine.

Daftari likijaa, usilitupe. Kwenye jipya hamisha ukurasa wa madeni, ukurasa wa miezi 12, visanduku vya akiba na matamanio yaliyosalia. Kila kitu kingine kibaki kwenye la zamani, liweke kabatini pamoja na stakabadhi. Ada ya shule ikifika mwaka ujao, utafungua mwezi uleule kwenye lile la zamani uone ilikuwa kiasi gani na ulilipa kwa pesa ya wapi.

Shangazi yako